Kisanduku cha Saba

Viatu vilikuwa vyekundu, vya mtoto wa miaka minane. Vilikuwa vimefungwa pamoja kwa kamba zake na kutundikwa kwenye geti kwa upande wa nje. Mlezi wa nyumba ya hifadhi aliviona saa kumi na mbili na nusu asubuhi alipotoka kumwaga taka. Hakuvigusa. Alifunga geti, akapiga simu kituoni, kisha akakaa kizingitini kungoja.

Mpelelezi alifika saa mbili. Kituoni, kwenye dawati la akina mama na watoto, walimwita Mama Fomu, mwanzo kwa kificho, baadaye mbele ya uso wake, na yeye alilipokea jina hilo kwa furaha. Kwa miaka kumi na mmoja hakuna jalada lake lililowahi kurudishwa na mahakama kwa upungufu. Askari wapya aliwafundisha jambo moja kabla ya yote: usiache kisanduku wazi kwenye fomu, maana wakili wa mshtakiwa atapitia hapo hapo.

Alivipiga picha vile viatu, akavitia kwenye bahasha ya karatasi, akaandika tarehe na saa. Ndipo akaingia ndani.

Yule mama walimwita Fundi, kwa kazi yake ya cherehani. Sasa hakuwa akishona chochote. Kifundo cha mkono wake wa kushoto kilivunjwa na mume katika nyumba ya pili ya hifadhi, na plasta ilikuwa bado haijatolewa. Alikuwa ameketi kitandani na begi lililofungwa miguuni pake. Mtoto wake mdogo, wa miezi kumi na minne na uzito wa miezi saba, alilala mapajani. Binti yake mkubwa alikuwa amejibana kati ya kitanda na ukuta, magoti yamegusa kidevu.

"Kaa, afande," Fundi alisema. "Sina kiti cha kukupa, ila kaa."

Mpelelezi alikaa ukingoni mwa kitanda. "Viatu ni vya binti?"

"Ni vyake. Tulipokimbia tuliviacha uvunguni mwa kitanda. Hii ni nyumba ya ngapi, afande?"

"Ya tatu."

"Na zote mliniambia hazijulikani na mtu."

Mpelelezi aliitazama plasta ya mkono wake.

"Basi mimi narudi," Fundi alisema. Hakuinua sauti, kana kwamba anaaga kwenda sokoni. "Akinifuata yeye, na watoto watakuwemo. Alishaniapia. Nikirudi kwa miguu yangu atamalizana na mimi, hawa watalala salama. Nimelifikiria mpaka kichwa kinaniuma, sioni lingine."

"Atakuua."

"Nimekwambia nimelifikiria."

Mlezi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alifuta macho kwa upindo wa kitenge. "Nimembembeleza tangu asubuhi," alisema. "Lakini hapa si jela, afande. Mama akitaka kutoka, nafungua geti. Ndiyo sheria ya nyumba."

Mpelelezi alitazama saa yake. "Dada, nikikwambia anakupataje, utabaki?"

Fundi alifikiri. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile kumtazama mtu usoni. "Nikijua njia anayopitia, nitabaki. Nisipojua, nyumba yoyote mtakayonipeleka ni mtego tu."

"Nipe mpaka saa sita mchana."

"Saa sita," Fundi alisema. "Ikipita utanikuta barabarani."

Mpelelezi alipiga simu kituoni kuomba askari wawili wa getini. Akapewa mmoja, na huyo mmoja alikuja anapiga chafya. Mume mwenyewe hakujulikana alipo. Alikuwa nje kwa dhamana, duka lake lilikuwa limefungwa wiki mbili, na hati ya kumkamata ilizunguka mjini bila kukutana naye.

Mume alikuwa fundi simu. Ndiyo maana tangu mwanzo kila mtu aliapa kwamba anamfuatilia mkewe kwa simu. Mpelelezi aliliamini hilo mpaka nyumba ya pili. Baada ya hapo alikusanya kila kifaa, na katika nyumba hii ya tatu kulikuwa na simu moja tu, ya mlezi, ya vitufe, isiyojua hata kupiga picha. Fundi mwenyewe hakuwa na simu. Ya kwake ilikanyagwa ikavunjika vipande usiku ule wa kukimbia.

"Unamshuku nani?" mpelelezi aliuliza.

"Mama yangu," Fundi alijibu mara moja. "Nani mwingine? Mara mbili nilikimbilia kwake, mara mbili akanishika mkono akanirudisha kwa mume. Alisema ndoa ina mengi. Miezi mitatu sasa simsalimii, na Mungu anisamehe, nimemlaani."

Mpelelezi alitoka uwani, akampigia simu bibi wa watoto. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu aliyelia kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hata sijui kama yu hai. Yule mwanamume mwanzoni alikuwa anakuja kwangu kila siku, 'Mama, yuko wapi?' Nami sijui, ningemwambia nini? Baadaye akaacha kuja."

"Aliacha lini?"

"Yapata miezi miwili na nusu. Siku ya mwisho alicheka. Akasema hanihitaji tena, siku hizi anaambiwa na serikali yenyewe."

Mpelelezi aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akayapigia mstari. Anaambiwa na serikali. Mtu anayemuuliza bibi kila siku hajui kitu, na mtu anayeacha kuuliza amepata anayemwambia. Bibi alitoka kwenye orodha, na aliyebaki akamtia mpelelezi uchungu mdomoni, maana serikali katika kesi ile walikuwa watu wachache: yeye, mkuu wa kituo, walezi na dereva wa gari la polisi.

Dereva alikuwa na maneno mengi, na mwezi uliopita alinunua pikipiki. Mpelelezi alimpigia kwa sauti isiyo na salamu.

"Wewe ndiye uliyemhamisha yule mama?"

"Nyumba ya kwanza na ya pili, ndiyo, afande. Hii ya tatu sijui hata iko mtaa gani. Nilikuwa likizo kwa mazishi ya mjomba. Si ulimpeleka mwenyewe kwa teksi?"

Kweli. Alimpeleka mwenyewe. Mpelelezi alikata simu akiwa na haya, maana sahihi yake ilikuwa kwenye fomu ya likizo ya yule dereva.

Saa tatu na nusu alikwenda meza ya kulia chakula, akasogeza vikombe, akatandaza madaftari ya geti. Ya nyumba ya tatu alipewa na mlezi. Ya nyumba mbili za mwanzo alikuwa na nakala ndani ya jalada, kwani Mama Fomu haachi kitu nyuma. Alitafuta jambo moja tu: siku moja kabla ya mume kutokea, nani alitoka getini?

Nyumba ya kwanza: mpishi alikwenda sokoni, mlezi wa huko alikwenda kliniki na mtoto mdogo. Kesho yake mume alimpiga mlinzi jiwe la kichwa. Nyumba ya pili: fundi bomba aliingia na kutoka, mlezi mwingine alikwenda kliniki na mtoto. Kesho yake mume alivunja dirisha, akauvunja na mkono wa mkewe. Nyumba ya tatu, jana: mlezi alikwenda kliniki na mtoto. Leo viatu.

"Mama," alimwita mlezi, "kwa nini mtoto anapelekwa kliniki kila nyumba?"

"Ni utaratibu. Mtoto akiingia hifadhini, ndani ya siku tatu lazima apimwe. Huyu ana utapiamlo, kwa hiyo anarudi tena baada ya wiki. Walezi wote tunafanya hivyo, hata mimi nikiumwa nitakwenda. Mama zao hatuwatoi nje, tunawapeleka sisi."

"Jana ulikwenda na nani?"

"Na binti. Ndiye anayembeba mdogo wake. Mtoto hamkubali mtu mwingine, analia mpaka anapoteza pumzi."

"Na kwenye nyumba nyingine?"

"Nadhani ni hivyo hivyo."

Mpelelezi aligeuka polepole kutazama mlango wa chumba. Hakulipenda wazo lililomjia, lakini alilifuata. "Huyu binti alianza lini kunyamaza hivi?"

"Jana mchana. Tangu turudi hajala wala hajatamka neno."

Mpelelezi aliingia chumbani, akavua saa na beji, akakaa sakafuni kwa mkao ule ule wa mtoto, magoti kidevuni. Fundi alitaka kusema kitu, mlezi akamgusa bega.

"Jana mlikwenda kliniki," mpelelezi alisema.

Binti alitikisa kichwa kukubali.

"Ulimwona mtu unayemjua?"

Mtoto mdogo alijigeuza, akakohoa, akalala tena. Binti aliinua kidevu kutoka magotini.

"Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Ni mimi ninayemleta baba." Akamtazama mdogo wake. "Nilimwona. Akanifanyia hivi." Aliweka kidole midomoni. "Hata kwenye nyumba ile nyingine alinifanyia hivi. Nikanyamaza. Ndiyo maana mama akavunjwa mkono."

Fundi alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyeungua. Mpelelezi hakumgeukia. Alikuwa ameshika jambo, na hakutaka liponyoke.

"Anti anakuuliza swali moja tu. Mlipofika, baba alikuja nyuma yenu, au mlimkuta?"

"Tulimkuta."

"Wapi?"

"Kwenye benchi la duka, ng'ambo ya barabara. Anakunywa soda. Ilikuwa imebaki kidogo."

Soda iliyobaki kidogo ni ya mtu aliyekaa. Hakuwafuata kutoka nyumbani, wala hakujua nyumba. Alijua kliniki na siku, akangoja, akawafuata wakati wa kurudi. Mpelelezi alisimama haraka, akavaa saa. Ilikuwa saa nne na robo.

"Umenisaidia sana," alimwambia binti, akatoka mbio. Alipokuwa ndani ya teksi ndipo alipokumbuka kwamba hakumwambia mtoto kuwa si kosa lake. Ilimuuma, lakini gari lilikuwa limeshafika barabara kuu.

Kliniki ilikuwa na benchi mbili ndefu, mizani ya kuning'inia, na akina mama wanaovua watoto nguo huku wakizungumza wote kwa pamoja. Nesi alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na mpelelezi alitambua dakika ile ile kwamba amekutana na mtu wa aina yake. Mafaili yalikuwa yamepangwa kwa rangi. Kalamu zilikuwa zimelala sambamba.

"Taarifa za mtoto sitoi," nesi alisema. "Hata kwa polisi. Lete barua."

Mpelelezi aliitoa barua. Alikuwa ameiandika njiani, juu ya goti. Nesi aliisoma mara mbili, akaridhika, akavuta faili.

"Nani anajua tarehe za mtoto huyu kurudi?"

"Mimi. Na kadi yake. Na mzazi, bila shaka."

"Mzazi gani? Mama yake hajawahi kufika hapa."

"Mzazi tunayemkumbusha kwa simu," nesi alisema, na sauti ikawa na fahari kidogo. "Zamani watoto walikuwa wanapotea, wanapimwa mara moja halafu basi. Sasa kila mtoto akipimwa, mzazi anapata ujumbe: jina la kliniki, siku, na saa. Siku moja kabla anakumbushwa tena. Kliniki zote tunafanya hivyo. Na huyu baba, afande, laiti wote wangekuwa kama yeye. Kila ujumbe anajibu. 'Asante nesi. Mungu akubariki.' Mimi nilikuwa nawaambia wenzangu, bado wapo wanaume wanaojali."

Mpelelezi alishika ukingo wa meza. "Namba yake mliipata wapi?"

"Ilikuja na mtoto. Kwenye barua ya kumtambulisha, ya matibabu ya bure. Kila kliniki anayohamia inamfuata." Nesi alilamba kidole, akafunua kurasa, akamgeuzia karatasi. "Hii hapa. Imetoka kwenu."

Ilikuwa fomu ya dawati lake. Visanduku kumi na viwili, vyote vimejazwa kwa herufi kubwa zilizonyooka. Kisanduku cha saba kilisema: *Simu ya mzazi au mlezi.* Ndani yake kulikuwa na namba aliyoijua kwa moyo, kwa sababu yeye mwenyewe aliipiga mara nyingi kumwita yule mwanamume kituoni. Kila tarakimu 7 ilikatwa kijistari katikati, na katika kituo kizima hakuna mwingine aliyeiandika hivyo.

Alikumbuka asubuhi ile. Fundi mbele yake, uso umevimba, hana simu. Kisanduku kiko wazi. Jalada la kesi liko wazi pembeni, na namba ya mume imo humo, inangoja tu kunakiliwa. Ilimchukua sekunde tano.

"Afande, unaumwa?" nesi aliuliza.

"Nesi, huyu baba ndiye aliyemvunja mama yake mkono."

Nesi alivua miwani. Akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Nilimwandikia mimi," alisema. "Kwa mkono wangu. Jana nilimwandikia."

"Na namba niliandika mimi. Sasa nisikilize. Usiifute. Mwandikie tena. Sema mizani ilikuwa na hitilafu, mtoto arudi kesho saa tatu asubuhi."

Nesi aliandika, akatuma. Mpelelezi alimpigia mkuu wa kituo, akaomba watu wanne wenye nguo za kiraia, kesho saa mbili, kwenye benchi la duka ng'ambo ya kliniki. Mara hii alipewa wote wanne, maana alieleza sababu, na fomu ilitoka kwa nani.

Simu ya kliniki ililia mlio mfupi. Nesi alisoma, akampa mpelelezi.

*Asante nesi. Kesho nitamleta mwenyewe pamoja na mama yake. Wanarudi nyumbani leo.*

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini na mbili. Teksi ya kwanza ilikuwa na abiria, ya pili ikakwama nyuma ya lori la mchanga, na mitaa miwili ya mwisho mpelelezi aliikimbia kwa miguu, faili kifuani, watu wakimpisha wakidhani anamkimbiza mwizi.

Alifika saa sita na dakika tatu. Geti lilikuwa wazi. Mlezi alilishika kwa mikono miwili, analia waziwazi. Askari mwenye mafua alisimama kando asijue la kufanya. Fundi alikuwa katikati ya uwanja, mtoto mgongoni, begi mkono wa kulia, na kilichomchelewesha ni binti yake tu, aliyekaa chini kwenye vumbi na kukataa kuinuka.

"Imepita," Fundi alisema.

"Najua anavyokupata."

"Sema."

Mpelelezi alihema, akatafuta maneno ya kazi, ya ripoti, akayakosa. "Si mama yako. Mama yako hakuwahi kumwambia kitu. Si mlezi, si dereva. Ni mimi." Akatoa ile fomu. "Kliniki inamtumia ujumbe kila mtoto anapopimwa. Namba niliwapa mimi. Hukuwa na simu, kisanduku kilikuwa wazi, nikakijaza kwa namba yake."

Fundi alishusha macho kwenye karatasi. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji karatasi ya visanduku kumi na viwili.

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Miezi mitatu," Fundi alisema. "Miezi mitatu namlaani mama yangu." Mkono wake ulikaza mpini wa begi. "Na wewe ndiye niliyekuwa nakuita ndugu."

Mpelelezi hakujitetea. Alichuchumaa mbele ya binti, kwenye vumbi, maana alikuwa na deni la asubuhi.

"Umesikia? Si wewe unayemleta baba. Baba alikuwa ameshafika pale kabla yako. Ungenyamaza, ungepiga kelele, alikuwa ameshafika. Mimi ndiye niliyekosea."

Binti alimchunguza usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Ni wewe, anti?"

"Ni mimi."

"Si mimi?"

"Si wewe. Hata kidogo."

Mtoto alilifikiria jambo hilo. Mabega yake yalishuka, na rangi ikarudi kidogo midomoni. Halafu uso wake ukaingia huruma, huruma ya kweli, akanyoosha mkono akamgusa mpelelezi kwenye goti.

"Sasa utapigwa na nani?"

Askari mwenye mafua alitazama pembeni. Mtoto hakuwa ameuliza kama mpelelezi atapigwa. Hilo alilichukulia kuwa limekwisha amuliwa.

Begi lilianguka. Fundi hakuliokota. Alipiga magoti kwa shida, plasta kifuani, mtoto akiyumba mgongoni, mpaka uso wake ukawa sawa na wa binti yake.

"Hapigwi mtu," alisema. Akarudia: "Mtu akikosea hapigwi. Umenisikia? Hapa hapigwi mtu." Kisha, bila kumgeukia mpelelezi: "Mama mlezi, funga geti. Na wewe afande, niambie kesho mtamkamata wapi, na mara hii uniulize kabla ya kuandika."

Mlezi alifunga geti, akasukuma komeo mpaka mwisho. Binti alimtazama mama yake, akamtazama mpelelezi, halafu akaitazama mikono ya wote wawili, na akaendelea kuitazama, akingoja kuona kama ni kweli.